Goti la Kokugonza

Kifua kilipona kwanza. Walikipasua katikati, wakautenganisha mfupa, wakaushughulikia moyo wangu kwa saa ambazo sina kumbukumbu nazo, kisha wakakifunga kwa waya, na baada ya wiki tano mstari ule ulikuwa umeshikana vizuri kiasi kwamba niliweza kukohoa bila kukumbatia mto. Mguu ndio uliokataa. Ili kuupatia moyo njia mpya ya damu kando ya pale palipoziba, madaktari wa Dar es Salaam walinitoa mshipa katika mguu wa kushoto, upande wa ndani, kuanzia juu kidogo ya kifundo hadi karibu na goti. Kila mgeni aliyekuja kunipa pole hapa Ijuganyondo aliuliza habari za moyo, na hakuna aliyeuliza habari za mguu, nami pia sikuutaja. Wiki ya tatu baada ya kurudi nyumbani, mstari wa mguuni ulianza kuwa mwekundu na wa moto, nyuzi mbili zikalegea, usaha ukatoka. Mimi niliyetumia maisha yangu yote ya kazi nikisafisha vidonda vya watu na kuwakaripia waliochelewa kuja, nilikificha kidonda changu ndani ya soksi kwa siku nne. Mpwa wangu Adventina, ambaye ni muuguzi mjini Bukoba, ndiye aliyekigundua. Alikuja Jumapili kunisalimu baada ya misa, akakaa kidogo, akavuta pumzi kwa pua, akaniuliza kwa upole ni kitu gani kinachonuka.

Tangu siku hiyo maisha yangu yamekuwa ya mguu. Walikifungua kidonda urefu wa vidole vitatu, wakachukua usaha kwa pamba na kuupeleka maabara, wakabadilisha dawa mara mbili, wakanikatia sukari na nusu ya chakula ninachokipenda. Kila asubuhi Adventina huosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, hukwangua taratibu nyama iliyokufa, hujaza shashi iliyoloweshwa, hufunga. Saa zilizobaki ninalala na mguu juu ya mito miwili na blanketi lililokunjwa, kwa amri moja ambayo mimi mwenyewe niliitoa kwa mamia ya watu: mguu uwe juu kuliko moyo. Sikuwahi kujua jinsi amri hiyo ilivyo nzito. Mgeni akiingia anakutana kwanza na wayo wangu, nami nalazimika kumwomba radhi kabla sijamwitikia salamu, maana katika nyumba zetu mtu hamwelekezei mgeni wayo. Nimechoka kuomba radhi. Nimechoka na harufu ya dawa, na huruma ya watu, na dari ninayoitazama. Ndipo wiki iliyopita Adventina akaniletea salamu zilizopitia simu ya mtu wa Muleba: bibi mmoja, Kokugonza, amesikia kwamba ninaumwa mguu, na atakuja Jumamosi kunitazama. Nilimwambia Adventina arudie jina. Kisha nilimwomba aniache peke yangu, na kwa siku zote zilizofuata sikuweza kufikiri jambo jingine isipokuwa mwaka ule mmoja niliokaa juu ya rweya.

Rweya ni yale majani matupu yaliyo kati ya vijiji vyetu, mahali pa kuchungia ng'ombe na kukata nyasi za kutandika sakafuni. Hakuna Mhaya mwenye akili aliyewahi kujenga pale kwa hiari yake, kwa sababu mgomba haustawi. Lakini ilikuwa miaka ya ujamaa, mkoa ungali ukiitwa Ziwa Magharibi, na upande wa Muleba palianzishwa kijiji kipya juu ya rweya, nyumba zikiwa zimepangwa mistari miwili kama madawati. Watu walilala kijijini, na asubuhi waliteremka kwenye vibanja vyao vya zamani kutafuta ndizi na kahawa, kisha walipanda tena kufanya kazi katika shamba la pamoja. Mwisho wa mstari wa kushoto ilikuwapo zahanati, iliyojengwa kwa nguvu za wananchi wenyewe: chumba cha tiba, chumba kidogo chenye vitanda viwili kwa ajili ya wazazi wanaojifungua, stoo, na baraza lenye benchi. Sakafu ilikuwa ya saruji. Ilikuwa sakafu pekee ya saruji katika kijiji kizima, na watu walivua viatu, wale waliokuwa navyo, kabla ya kuikanyaga.

Nilifika pale nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuoni na cheti cha uganga wa vijijini, sanduku la bati na daftari nililonakili maneno yote niliyoyaona kuwa ya kweli. Siwezi kumcheka kijana yule, ingawa wengine wangetaka nimcheke. Aliamini kwamba ugonjwa ni dhuluma, na kwamba kidonda cha mkulima kinastahili heshima ileile ambayo hupewa kidonda cha waziri. Siku ya kwanza aliwakutanisha wanakijiji barazani akawaomba wasimwite Daktari. Aliwaambia kwamba yeye si daktari, na hata angekuwa daktari, binadamu wote ni sawa, kwa hiyo wamwite Ndugu. Wazee walipiga makofi. Wanawake, kama ilivyo desturi yetu mtu anapotoa neno jema, walipiga magoti kumshukuru, na yeye alinyosha mkono akazipokea salamu zao moja moja. Nalieleza tukio hilo kama lilivyokuwa. Sikuona kasoro yoyote ndani yake wakati ule.

Mwenzangu wa kazi alikuwa Bi Zuhura, muuguzi msaidizi, mama wa makamo kutoka Hamugembe. Babu yake alikuwa mtu wa pwani aliyefika Bukoba na misafara ya biashara akaoa huko, na yeye alikuwa amezaliwa na kukulia mjini, lakini bado alizungumzia nazi kama mtu anayezungumzia ndugu aliyeko safarini. Tulikula pamoja katika chumba cha nyuma, mara nyingi ndizi na maharage, mara chache dagaa waliotoka visiwani, na hakuna mlo uliopita bila yeye kunitangazia kwamba chakula hiki kingekuwa na maana kama kingetiwa tui. Mbele za watu aliniita Ndugu Leopold, kama nilivyoagiza. Tukiwa wawili aliniita mwanangu. Alikuwa hana cheti chochote cha maana, lakini alikuwa na pua. Kabla ya kufungua bandeji aliinama, akanusa, akasema kidonda hiki kinakwenda vizuri au kinatudanganya, na mimi niliyesomea dalili za maambukizi kwa mpangilio wa vitabu nilimwona mtu wa kubahatisha. Ukuta kati ya chumba cha tiba na baraza ulikuwa mwembamba, hivyo tulisikia yote yaliyosemwa kwenye benchi. Nilimsikia mama mmoja akisema kwamba yule kijana wa chuo anaosha vidonda kama padri anayesoma misa, tena ile misa ndefu ya Pasaka. Bi Zuhura alicheka hadi akaweka kibanio chini. Mimi nililichukua kama sifa.

Kokugonza aliletwa mwanzo wa masika. Alikuwa mke wa miaka kumi na tisa, aliyeolewa mwaka uliotangulia. Mumewe alikuwa amekwenda Mwanza kufanya kazi, akamwacha kwa mama yake, mjane aliyeitwa Ma Anastazia. Katika kazi ya shamba la pamoja jembe la jirani lilikuwa limemchoma mguu wa kulia, vidole viwili chini ya pia ya goti, juu ya mfupa wa ugoko mahali ambapo ngozi haina nyama ya kuikinga. Walikuwa wamekifunga kidonda kwa majani na kitambaa kwa siku tisa. Nilipokifungua, kingo zilikuwa zimevimba na kugeuka nje, katikati pamejaa uozo wa kijani, na mguu ulikuwa moto hadi pajani. Nilimchoma penisilini, nikakiosha kwa maji ya dawa ya zambarau, nikakata vilivyokufa. Hakulia. Aliniangalia kwa makini kama mtu anayejifunza kazi, na mwisho aliniuliza kama angeweza kuhudhuria shamba kesho yake, kwa sababu mama mkwe alikuwa na zamu yake na ya mwanawe.

Homa ilishuka kwa siku tano, nami nikadhani vita vimekwisha. Havikwisha. Kila asubuhi Kokugonza alipanda kutoka mwisho wa mstari wa pili, nikamwosha, nikamfunga, nikamwagiza aketi nyumbani na mguu juu, na kila asubuhi iliyofuata nilikuta damu mbichi ndani ya shashi na kingo zimechanika upya. Nilikuwa nimefundishwa chuoni namna ya kupima kidonda kwa kukichora. Sikuwa na karatasi maalumu, kwa hiyo nilitumia ile nailoni iliyofungia pamba: niliiosha, nikaiweka juu ya kidonda, nikafuata ukingo kwa kalamu. Tulizibandika dirishani, moja kwa kila wiki, na mwanga ulipozipenya zilionekana kama ramani za kisiwa ambacho ziwa halikimezi. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisiwa kilikuwa kilekile. Wiki ya tano kilikuwa kikubwa zaidi, na nilipotia kibanio katikati nilihisi ugumu wa mfupa.

Katika wiki hiyo alipita daktari wa wilaya, mzee mwenye haraka aliyezungukia zahanati nyingi kwa gari moja bovu. Aliubonyeza mguu, akatazama ramani zangu dirishani, kisha akanitoa nje. Aliniambia kwamba mfupa ukishaingiwa na uozo hautanisubiri nimalize majaribio yangu. Angerudi baada ya wiki nne. Akikuta hali ileile, angempeleka hospitalini na kumkata mguu juu ya goti, kwa sababu ni afadhali mke wa mguu mmoja kuliko maiti wa miguu miwili. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, karibu na dirisha lililokuwa wazi. Niliporudi ndani nilimkuta Kokugonza ameishusha kanga yake hadi kwenye vidole vya miguu, akiufunika mguu wote.

Mtu mwenye dhamira safi akishindwa, kitu cha kwanza anachokitafuta ni mkosaji. Nilimtafuta mkosaji katika nyumba ya Ma Anastazia. Niliamini kwamba wanakifungua kidonda wakiwa nyumbani na kukipaka majani, na siku moja nilifika bila taarifa, nikakaa juu ya kigoda, nyasi safi zimetandikwa sakafuni, picha ya Moyo Mtakatifu ikinitazama kutoka ukutani. Ma Anastazia aliniletea punje za kahawa za kutafuna ndani ya kikapu kidogo. Kokugonza alitoka chumba cha ndani, akapiga magoti mbele yangu kunisalimu, nikamwitikia. Kisha nilianza hotuba. Nilisema juu ya sayansi na juu ya ujinga, nikamuuliza mbele ya mama mkwe wake ni nani anayemfungua bandeji.

"Hakuna, waitu," alijibu kwa neno letu la heshima, macho chini.

Nilimwambia kwamba kidonda hakisemi uongo. Ma Anastazia alitafuna kahawa yake polepole, akasema kwamba yeye hajasoma, lakini anajua kwamba kijana akipewa kahawa huitafuna kwanza, ndipo akagomba. Nilitoka nikiwa nimekasirika, na njiani nilijisifu kwa kutokubali kunyamazishwa na adabu. Nilipomsimulia Bi Zuhura, yeye alisema tu, "Yule mtoto anainama sana." Nilimjibu kwamba tatizo si kuinama, tatizo ni usafi. Aliendelea kukunja bandeji. Na kama ningekuwa na masikio, asubuhi ileile ningesikia pia wanawake wa benchini wakimtania Kokugonza kwamba goti lake litaichimba sakafu ya serikali hadi kitokee kisima. Niliwasikia bila kuwaelewa. Nilitabasamu, kwa sababu nilipenda kuona wananchi wakichangamka.

Zilipobaki wiki mbili na nusu niliitwa Bukoba kwa semina ya siasa kwa watumishi wa vijijini. Nilikwenda na moyo mzito, nikiwa na hakika kwamba nikirudi nitakuta mguu umeoza. Kwa siku kumi na mbili tuliketi katika ukumbi wenye joto tukijadili namna ya kuwaondolea wananchi unyonge, nami niliandika kurasa nyingi. Ninakumbuka kwamba niliuliza swali lililosifiwa. Silikumbuki lilikuwa swali gani.

Nilirudi asubuhi, nguo zikiwa zimelowa matope. Bi Zuhura alinipokea barazani, akanipa maji ya kunawa, akanivuta mkono hadi dirishani. Palikuwa na ramani mbili mpya, zilizochorwa na mkono wake. Kisiwa kilikuwa kimepungua nusu. Nilimuuliza ametumia dawa gani. Alisema ametumia dawa zangu zilezile, na kitanda. Mara tu nilipoondoka alimlaza Kokugonza katika chumba cha wazazi, mguu juu ya gunia la majani, na mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuna mgeni aliyepanda kuja kumsalimu. Tuliingia chumbani. Kokugonza alikuwa amelala, uso umenenepa kidogo. Aliponiona macho yake yalifurahi, na kabla sijasema lolote alishusha mguu, akateremka kitandani, akapiga magoti juu ya saruji.

"Karibu tena, waitu. Habari za Bukoba?"

Nami, Mungu anisamehe, nilinyosha mkono na kumwitikia: nzuri, habari za hapa.

Alipoinuka palibaki juu ya sakafu doa jekundu, dogo kama punje ya kahawa mbivu. Bi Zuhura alimshika bega. Alimrudisha kitandani, akamfungua, akabana kingo zilizopasuka kwa shashi, akamfunga upya. Kisha alinifuata katika chumba cha nyuma, akafunga mlango.

"Umeona sasa, mwanangu?"

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Alikaa chini kwa uchovu ambao sasa ninaufahamu. Alisema kwamba kwao mtu hamsalimu mwenzake kwa goti, kwa hiyo yeye aliliona tangu siku ya kwanza. Lakini ni mila yetu, na mgeni haendi kwa watu akaanza kuwahesabia magoti. Alidhani tunajua. Alidhani tumekubaliana kwamba mguu ni mdogo kuliko heshima. Alikuwa amemtazama Kokugonza kwa dirisha kila asubuhi, akipanda njia ya changarawe, akimpigia goti kila mzee aliyekutana naye, na mwisho akilipiga goti la mwisho mbele yangu, juu ya saruji, mahali penye ugumu kuliko pote.

"Nilikudokeza ukaniambia habari za usafi. Nikasema, basi, kijana amesoma."

Nimesikia lawama nyingi katika maisha yangu, na nyingine zilikuwa na sauti kubwa, lakini hakuna iliyoingia mfupani kama ile. Nilikuwa nimeukataa udaktari ili niwe ndugu yao, na kila asubuhi binti yule alinilipa undugu huo kwa kuichana nyama yake mbele ya miguu yangu, nami nilimwitikia, nikamsimamisha, nikamuuliza ni nani anayekiharibu kidonda.

Jioni ile, kabla jua halijazama, nilikwenda kwa Ma Anastazia. Niliitafuna kahawa yake kwanza. Kisha nilimweleza yote, pamoja na makosa yangu, nikamwomba amwachilie mkwewe asipige magoti hadi apone. Sikutaka kumwamuru. Kijiji kile kilikuwa kimejengwa kwa amri, na nilikuwa nimeona nyuso za watu wanaoishi ndani ya amri. Nilitaka angalau jambo hili litendeke kwa kuelewana. Mama yule alinisikiliza hadi mwisho. Alisema kwamba yeye binafsi hana neno. Binti hajamkosea, na goti halimshibishi mtu. Lakini kaka wa marehemu mumewe watakuja, na wazee wa ukoo, na wote wataona mke kijana amenyosha miguu kitandani, akiwaelekezea wayo. Watasema Anastazia anamfundisha kiburi mke wa mwanawe ambaye hayupo. Watamwandikia barua Mwanza.

"Umeniletea maneno, tata," alisema, akiniita baba kwa Kihaya. "Maneno yanatoka na aliyeyaleta. Niletee karatasi. Yenye muhuri."

Nilibishana naye. Nilimwambia kwamba heshima ya mtu haitoki kwenye muhuri. Alinijibu kwamba mbuzi wake wawili walihamia juu ya rweya kwa sababu ya muhuri, na mbuzi hawana heshima yoyote, lakini walihama. Basi nilirudi zahanati, nikachukua karatasi ya serikali, nikaandika kwa mwandiko wangu bora: Kokugonza, mkazi wa kijiji hiki, asipige magoti kwa mtu yeyote, ndani ya nyumba wala njiani, mpaka atakapoarifiwa na zahanati. Nilitia sahihi na muhuri wa duara. Ma Anastazia alitaka isomwe mara mbili. Kisha aliibandika ukutani kwa gundi ya ugali wa muhogo, chini ya Moyo Mtakatifu, kwenye usawa wa macho ya mwanamume aliyesimama.

Kokugonza alirudi nyumbani akalala mguu juu. Wazee walikuja, wakasomewa, wakaguna, wakakaa. Mmoja aliuliza kama serikali imekataza pia kumhudumia mgeni pombe. Ma Anastazia alisema hapana, hiyo serikali haijaifikia, akamletea lubisi. Wiki nne za daktari wa wilaya zilipotimia, kidonda kilikuwa na upana wa kucha ya kidole gumba, nyama safi nyekundu imejaa hadi juu ya mfupa. Daktari alikitazama, akasema mguu huu ubaki, akaniuliza tulitumia nini. Nilimwambia penisilini, maji ya dawa ya zambarau, na kulaza mguu juu. Yote yalikuwa kweli. Bi Zuhura alikuwa amesimama nyuma yangu na beseni mkononi, akingoja niseme jambo la nne. Sikulisema, na daktari alinipa mkono wa pongezi. Mwisho wa mwaka nilihamishiwa kituo kingine, na Bi Zuhura alinifungia ndizi za njiani bila kunikumbusha chochote. Amelala Hamugembe sasa, katika makaburi ya watu wake. Nilihudhuria mazishi yake, na hata pale, ambapo wanawe waliniomba niseme neno, nilisema juu ya uchapakazi wake.

Jumamosi Kokugonza alikuja. Adventina alimtangulia kufungua pazia, kisha akaingia bibi mrefu, mwembamba, mwenye fimbo, kitambaa cheupe kichwani. Mguu wangu ulikuwa juu ya mito, wayo ukimtazama usoni. Nilijaribu kuushusha niinuke, akainua fimbo kidogo kunikataza. Hakupiga magoti. Alisimama wima katikati ya chumba, akanisalimu kwa Kihaya, salamu ndefu ya zamani, kisha akaketi kwenye kiti. Niliangalia chini, kwenye ule mguu wa kulia ndani ya gauni refu, na nilihisi uchungu wa miaka yote. Nilijua kwamba kidonda cha mahali pale kikikaa muda mrefu huweza kulikaza goti lisikunjike tena, na kwamba mke asiyepiga goti katika ukoo ule alikuwa amebeba jina baya maisha yake yote. Nilimwambia, kwa maneno niliyokuwa nimeyaandaa kwa siku nyingi, kwamba nilikwenda kumlaumu nyumbani kwake wakati mkosaji nilikuwa mimi. Kwamba kila asubuhi nilimwacha ajichane mbele yangu. Kwamba Bi Zuhura ndiye aliyemponya, nami nikapokea pongezi. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza siku ya kwanza, kwa makini. Nilipomaliza alimgeukia Adventina akamwomba amwonyeshe kidonda.

Adventina alisita, kisha akaondoa bandeji. Bibi aliegemeza fimbo kwenye kiti, akasogea hadi kando ya kitanda, akakunja goti la kushoto, halafu la kulia, akateremka chini polepole bila kushika kitu. Aliinama juu ya mguu wangu, akafumba macho, akavuta pumzi kwa pua kama Bi Zuhura.

"Goti lako," nilisema. "Linakunjika."

"Lilikunjika tangu mwaka ule, kabla ya msimu wa senene," alisema akiwa bado ameinama. "Mama mkwe alijua. Aliniambia, karatasi inasema mpaka utakapoarifiwa. Na wewe ulihama."

Nilimuuliza kama nimwandikie nyingine ya kuiondoa ile. Adventina alicheka, yeye hakucheka. Alifikiri kwanza, kama mtu anayeulizwa jambo la shamba. Alisema hapana, iache, wazee waliostahili goti lake wamekwisha kufa, na wale wasiolistahili wameshazoea. Kisha alinusa tena, akaugusa ukingo wa jeraha kwa kidole kikavu.

"Na hii siyo salamu," aliniambia. "Natazama kidonda. Hakinuki. Kitafunga, ukiacha kuwainukia wageni."